RS-232 ya kujiundia kwenye Commodore 64: fyuzi imeungua, herufi zinapita

Hii Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, niliiokota kwenye soko la mitumba hapa Ujerumani, na nilikuwa na haja moja tu nayo: iongee na laptopu yangu. Nyuma ina tundu la mviringo linaloitwa serial. Lisikudanganye, hilo ni la diski na printa za Commodore. RS-232, njia ya zamani ya kompyuta kutumiana data kwa waya, inatoka kwenye User Port, yale meno 24 ya ukingo wa bodi, 12 juu yenye namba na 12 chini yenye herufi, nyuma kushoto ukiwa umekaa kwenye kibodi.

Uzuri ni kwamba mashine hii ya 1982 inajua RS-232 tangu kiwandani, programu imo ndani ya ROM, kumbukumbu yake ya kudumu. Tatizo ni volti. Yenyewe inatoa 0 na 5, wakati RS-232 inataka hasi na chanya. Katikati unaweka MAX232, chipu ya kubadilisha volti hizo, na kapasita zake nne. Mimi nilinunua moduli iliyokwisha kulehemiwa, kazi yangu ikabaki kiunganishi na waya nne: pini 2 kwa volti 5, A kwa ardhi, M ya kutuma, na B na C zikiunganishwa pamoja ziwe za kupokea.

Jioni moja, kazi imeisha, nikachomeka, nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, skrini nyeusi tii. Kumbe nimechomeka juu chini. Kiunganishi changu hakikuwa na vile vikingio vya kuzuia kosa hilo, nami nilikuwa na haraka. Sasa angalia balaa lenyewe: pini 10 na 11 zina umeme wa AC wa volti 9, na ukigeuza kiunganishi, B na C ndizo zinazoziangukia. Na mimi B na C nimezifunga pamoja! Yaani nilipiga shoti kwa mkono wangu mwenyewe. Taa inatumia volti 5, ndiyo maana iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu. Nikafungua kasha, mita ikaniambia fyuzi ya ndani imekwenda. Nikaweka nyingine ya ampea 1.5, na rangi ya buluu ya skrini ikarudi. Moduli nilibadilisha kabisa, sikutaka kuiamini tena. Siku hizi mgongo wa kiunganishi una doa la rangi ya kucha, na doa likiwa chini sichomeki.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Kwenye BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, unaandika OPEN 2,2,0,CHR$(6), hiyo ni kasi ya baudi 300, yaani biti 300 kwa sekunde. Ifungue mwanzoni kabisa mwa programu, kwa sababu inajichukulia kumbukumbu na kufuta vigezo vyote ulivyokwisha kuweka; mimi nilipoteza nusu saa hapo. Kutoka kwenye laptopu nikatuma "Habari za jioni". Skrini ikajibu "hABARI ZA JIONI". Si waya mbovu: Commodore ina mpangilio wake wa herufi, kubwa na ndogo zimebadilishana nafasi, kwa hiyo lazima programu yako izigeuze.

Kwa 300, BASIC inamudu bila shida. Kwa 1200 zinaingia kama herufi 120 kwa sekunde, BASIC inaachwa nyuma, bafa (sehemu ya kuhifadhi herufi zinazosubiri kusomwa) ya baiti 256 inajaa na maneno yanakatika. Hapo unahitaji lugha ya mashine. Nilijaribu 2400, nikapata takataka, nikaacha.

Mradi huu naupa nyota nne. Ya tano naikata kwa sababu kama ningeanza leo nisingenunua MAX232 kabisa. Waya wa USB wa TTL ya volti 5, yaani wa ishara za 0 na 5, unaongea lugha ileile ya User Port: unaunga ardhi, kutuma na kupokea, ule wa volti 5 unauacha ukining'inia. MAX232 ina maana tu kama upande wa pili una modemu ya zamani au kompyuta yenye tundu la pini 9, na mimi modemu sina. Bado naitafuta kwenye mitumba hiyohiyo.