TAHADHARI: ram ikigoma kufika spidi yake, usikubali kuambiwa "ni setingi tu bosi"

Wakuu habari za mda huu, naandika hii nikiwa bado na hasira ila wiki hii nimeona watu wawili wanaulizia ram za bei poa na najua kabisa wanakoelekea.

Iko hivi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za ram zimepaa, viwanda vimegeukia memori za seva za AI, kwahiyo ukikuta mtu anauza DDR4 3200 (3200 ndo spidi yake), mbili za gb 8, zina kava jekundu, kwa bei ya zamani, udenda lazima ukutoke. Mimi ulinitoka. Jamaa anauzia mtandaoni, anasema duka liko Kariakoo, nikatuma hela kwa simu boda akaleta mpaka Mbezi. Boksi hamna, eti "hizi zinakuja kwa trei bosi". Haya.

Nikachomeka, mashine ikawaka, Task Manager inasoma 2133. Hapo sikushtuka na wewe usishtuke, ram nyingi za kasi ukizichomeka mara ya kwanza zinaanza na spidi ya chini, 2133 au 2400 au 2666, mpaka uingie bayosi, ile menyu ya setingi kabla Windows haijawaka, uwashe XMP, yaani setingi ya spidi kubwa iliyohifadhiwa kiwandani ndani ya ram (madabodi zingine za AMD wanaiita DOCP) ndo inapanda mpaka ile iliyoandikwa kwenye stika. Na huu ndo mlango anaoingilia huyu tapeli, anajua kuna ukweli ndani yake!

Nikaingia bayosi, XMP haipo. Sio imezimwa, haipo kabisa. Nikampigia, akanijibu kwa upole wote, bosi hiyo ni setingi tu, andika 3200 kwa mkono na volti weka 1.35. Nikaandika. Feni zinazunguka skrini nyeusi, inazima inawaka inazima inawaka, mpaka nikafungua keisi nikachomoa kale kabetri ka CR2032 kanakotunza setingi za bayosi ndo ikarudi. Kesho yake akasema bayosi yako ya zamani, apdeti, nikamaliza bando nikaapdeti, wapi. Siku ya tatu akasema madabodi yangu mbovu. Siku ya nne akasema siku za kurudisha zilikuwa tatu. Umeona mchezo? Kila ushauri wake ulikuwa unakula siku.

Ndo nikapata akili ya kufungua CPU-Z, ile programu ya bure ya kusoma vifaa vya kompyuta, sehemu ya SPD, yaani taarifa za kiwandani zilizohifadhiwa ndani ya ram yenyewe. Kampuni inayosomeka siyo ile ya kwenye stika, mwaka wa kutengenezwa 2016, safu ya XMP hamna. Nikaazima ram ya 3200 kwa binamu yangu, nikachomeka kwenye madabodi hiyohiyo "mbovu", XMP ikatokea yenyewe, nikawasha, 3200 safi kabisa. Basi nikachukua drayer ya nywele ya wife nikapasha lile kava jekundu taratibu, likabanduka kama plasta. Ndani, ram za kijani zile za kompyuta za ofisini, moja ina karatasi imeandikwa PC4-2133P, nyingine PC4-2400T. Hata siyo pacha! Ukichanganya hivyo zote zinakimbia kwa spidi ya ile ya chini, yaani 2133 yangu haikuwa ya kuanzia, ndo ilikuwa mwisho wa safari.

Hizo namba zikaririni, 2133P, 2400T, 2666V, 3200AA, ndo za kwenye karatasi ya kiwandani kwa ram za kawaida zisizo na kava. Na ile 3200AA inakimbia 3200 yenyewe bila XMP kama prosesa na madabodi vinakubali, kwahiyo kukosa XMP peke yake siyo ushahidi wa wizi. Alafu CPU-Z kwenye sehemu ya Memory inaonyesha nusu, ukikuta 1600 hiyo ndo 3200, msije mkamtukana mtu wa watu bure. Na wenye intel zenye madabodi za H410 au B460, hizo zinaishia 2666 au 2933 kutegemea prosesa, hapo muuzaji hana kosa.

Kama unanunua dukani mwambie aichomeke kwenye mashine yake afungue SPD mbele yako kabla hujatoa hela, akianza kujizungusha ondoka. Kama ni ya kuletewa na boda, ifungue CPU-Z siku hiyohiyo, usingoje wikiendi kama mimi. Na risiti iandikwe spidi, yangu imeandikwa "RAM 16GB" basi, nilivyombana akaniambia kwani gb 16 hujapata? Nimepata kweli, sikuwa na jibu.

Nimepiga picha zote, jumatatu naenda nazo FCC, wale wa Tume ya Ushindani wanaoshughulika na bidhaa feki. Mimi alishaniblock, ila jana shemeji kanionyesha ukurasa mpya wenye jina jingine, ram jekundu mbili zimewekwa juu ya kitambaa cha mezani chenye maua ya njano, kitambaa kilekile cha kwenye picha alizonitumia mimi, na watu kumi na kitu wapo chini wanauliza "bei gani".