Kaiyukan, Osaka: jumba la samaki kwa siku ya mvua

Familia inayokwenda Japani katika likizo ya Juni huikuta Osaka katika majira ya mvua, ambayo Wajapani huyaita tsuyu, na ambayo kwa kawaida huanza mapema mwezi huo na kuendelea hadi katikati ya Julai au baadaye kidogo. Mvua hiyo aghalabu si ya kishindo kama ya masika yetu, bali huweza kunyesha taratibu kutwa nzima, na ngome au bustani mliyokusudia kuwatembeza watoto ikawa haitembeleki. Siku ya namna hiyo ndiyo iliyotupeleka Kaiyukan, jumba la samaki lililoko bandarini, mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye amezaliwa na kukulia Kilindoni, kisiwani Mafia.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1990, na uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, umo katika namna lilivyopangwa. Mgeni hupandishwa kwa ngazi za umeme hadi ghorofa ya nane, akaanzia katika msitu wa Japani wenye miti ya kweli na fisi maji wanaokimbizana kandokando ya maji, kisha akateremka polepole hadi ghorofa ya nne, akilizunguka tangi kubwa la katikati linaloiwakilisha Bahari ya Pasifiki. Matangi mengine yamepangwa kulizunguka tangi hilo, na kila moja ni mahali fulani katika mwambao wa bahari hiyo: ghuba ya Monterey yenye simba bahari, Antaktiki yenye pengwini, pwani ya Chile yenye kundi la samaki wa jamii ya dagaa wanaogeuka kwa pamoja kama kitambaa kinachopeperushwa. Mtoto hahitaji kusoma maelezo ili aelewe kwamba maji ya mlimani na maji ya kilindini ni safari moja, kwa sababu ameiteremka safari hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Tangi la katikati lina maji yapatayo tani 5,400 na kina cha mita 9, na humo ndimo wanamoogelea papa potwe, papa wakubwa wenye madoa meupe mgongoni, pamoja na samaki aina ya taa na wengine wengi. Kwa kuwa njia inalizunguka tangi hilo, mtazamaji hukutana na potwe yule yule mara nyingi: kwanza anauona mgongo wake kutoka juu, halafu anatazamana naye ubavuni, na mwisho anamwona akipita juu ya kichwa chake, tumbo likiwa jeupe. Binti yetu wa miaka minne, ambaye nilidhani atachoka baada ya nusu saa, alikuwa akikimbilia kila dirisha jipya kumngoja arudi, na kila aliporudi alijaribu kuendelea kuhesabu madoa meupe kutoka pale alipoachia.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeyafanya matembezi hayo yawe na thamani ambayo hainunuliwi kwa tiketi. Alisimama mbele ya kioo, akanishika mkono, akasema, “Mwanangu, huyu si potwe wetu?” Kisha akawakalisha wajukuu zake pembeni na kuwaeleza jinsi marehemu babu yao alivyokuwa akimkuta samaki huyu karibu na nyavu, kwa sababu potwe, pamoja na ukubwa wake wote, hufuata uduvi, wale kamba wadogo sana. Saa ya kulishwa ilipofika, na watoto wakamwona akipanua kinywa na kuyavuta maji yaliyojaa chakula hicho hicho kidogo, walimgeukia bibi yao kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Ninawashauri wazazi waulizie ratiba ya kulisha mara tu wanapoingia, na wapange mwendo wao kuifuata.

Hata hivyo, nikiwa mtu aliyewaona potwe wa Mafia baharini, siwezi kuandika tathmini hii bila kulisema lililonigusa. Samaki huyu anaweza kupita urefu wa mita 12, na tangi la kina cha mita 9, hata liwe kubwa kuliko mengine, ni nafasi ndogo kwake. Ninaona ni wajibu wa mzazi kumwambia mtoto jambo hilo waziwazi, pale pale mbele ya kioo, badala ya kumwacha aamini kwamba hapo ndipo nyumbani kwa potwe.

Sehemu za mwisho zilitupita upesi zaidi, ingawa sili wa Aktiki wanaoogelea juu ya kichwa cha mtazamaji, kaa wa Japani wenye miguu mirefu ajabu, na chumba chenye giza cha konyeza, wale viumbe wa baharini laini kama jeli, wanaong’aa, vinastahili muda zaidi kuliko tuliovipa. Anayekwenda na watoto wadogo atenge walau saa tatu.

Tiketi huuzwa kwa saa maalumu ya kuingia, na kwa kuwa siku ya mvua familia nyingi huwa na wazo hilo hilo, ni busara kuinunua mapema kwa intaneti na kuchagua saa ya kwanza asubuhi au ya alasiri. Kiingilio cha mtu mzima hubadilika kulingana na siku na hakipungui yeni 2,700, ambazo ni fedha nyingi kwa familia kubwa, ila watoto wa chini ya miaka 3 huingia bure. Kituo cha treni cha Osakako, kwenye njia ya treni iitwayo Chuo, kiko umbali wa takriban dakika 5 kwa miguu, kwa hiyo miavuli inahitajika kwa kipande hicho tu. Sisi tulitoka jioni mvua ikiwa bado inanyesha, na mtoto wetu mkubwa akamwomba bibi yake ampeleke Kilindoni katika likizo ya Desemba, wakati potwe wanapokuwa karibu na pwani. Bibi amekubali.