Shure SM58 kwenye chumba changu cha Ngamiani

Maiki yangu ya kwanza ya kurekodia waimbaji ilikuwa kondensa, ile inayotaka umeme wa volti 48. Nzuri, ila ilisikia mno. Nipo Ngamiani, Tanga, kwenye barabara za namba, bati juu, dirisha linatazama kijiwe cha bodaboda. Binti akiimba ubeti, nyuma unasikia pikipiki, jogoo wa jirani, na siku moja muuza samaki akitaja bei. Tulicheka, lakini mteja hakulipa.

Nikaiuza, nikachukua SM58 iliyotumika. Maiki hii ipo sokoni tangu 1966, wala haihitaji zile volti. Inashika kinachotoka mbele. Cha nyuma inakipa mgongo. Kwa hiyo kisogo chake nakielekeza dirishani, mwimbaji anasimama upana wa kiganja tu kutoka kwenye maiki, na nyuma yake nimetundika godoro kuukuu na magunia ya mkonge. Feni nazima. Tunaloa, basi tena.

Maiki za aina hii hutoa sauti ndogo, lazima upandishe geini, yaani ukuzaji wa sauti, na saundi kadi yangu ya bei chee, ile inayoingiza sauti kwenye kompyuta, ikipandishwa inaanza "shhh". Waimbaji wa taarabu hawanipi shida, wana vifua. Kazi ipo kwa hawa vijana wanaonong'ona! Wenye kutema "p" nawawekea soksi ya nailoni niliyoivalisha kwenye henga ya waya.

Bandia zimejaa, hivyo nenda na waya na spika yako ndogo, uijaribu hapo hapo kaunta kabla hujatoa hela.