TAHADHARI: Fundi wa "raba ya maji" anayezunguka Mkolani na Buhongwa

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa mnaokaa Mkolani, Buhongwa na Nyegezi, kuna kijana anapita mitaani na ngazi pamoja na ndoo mbili za lita 20, akidai anaziba mapaa yanayovuja. Akibisha hodi kwako, mpe maji ya kunywa aendelee na safari. Mimi ameshanipiga hela.

Alikuja siku mbili baada ya mvua ile ya alfajiri, ya kutoka ziwani na upepo wake. "Mwangaluka mayu," akaanza, adabu tele. Akaangalia fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, yenye michirizi, akasema, "Sebuleni panavuja, siyo?" Nikajua huyu ni fundi kweli, kaona bila kuambiwa. Michirizi ile hata mtoto wa chekechea angeiona, lakini mtu aliyelala na masufuria matatu sebuleni hafikirii hivyo.

Akapanda. Dakika kumi akashuka na kipande cha mbao kimeoza, kinavunjika mkononi kama muhogo mkavu. "Kenchi zako zinakwisha, mama. Tukichelewa paa linashuka." Kenchi ndizo mbao zinazobeba paa, nikaogopa. Dawa yake ikawa hiyo ndoo, anaiita raba ya maji, eti inapakwa juu ya bati, inashuka kwenye nyufa na kuikausha mbao chini. Maandishi ya ndoo sikuyaelewa hata moja, na nembo ya TBS, shirika la viwango, haikuwepo. Bei 420,000. Kishika uchumba nikamtumia 250,000 kwa simu, iliyobaki nimalizie kazi ikishapigwa mvua. Nilijiona mjanja hapo.

Akapaka mchana mmoja, paa likang'aa. Mvua iliyofuata, masufuria yakawa matano. Na nilijua nimepigwa si kwa mvua, bali kwa sababu hakurudi kudai 170,000 yake. Fundi gani huyo asiyedai?

Kaka yangu ni seremala Igoma. Alipopanda, kitu cha kwanza akaniuliza kile kipande kiko wapi. Bahati sikuwa nimekitupa. Akacheka. Kenchi zangu zote ni paina, nyeupe. Kile kilikuwa chekundu, mkaratusi. Yule bwana alipanda nacho mfukoni!

Ile "raba" ni lami iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa. Ukiigusa inanata mpaka leo, na penye jua kali imeshaanza kupasuka. Ubaya wake mkubwa ni pale alipoipaka: kwenye ukingo wa chini ambapo bati la juu linalalia la chini. Upepo ukisukuma maji yakapenya hapo katikati, kawaida yanatokea chini yanakwenda zake. Sasa kaziba mlango wa kutokea, maji yanabaki yanatafuta mbao. Na alikanyaga bati katikati ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, badala ya kufuata mstari wa misumari, akaacha mabonde mawili yanayotuama maji. Halafu hakuchomoa bomba la gata linaloingiza maji ya mvua kwenye tangi, kwa hiyo simtank yangu yote inanuka mafuta ya taa. Maji yale hata kufulia sikuyataka.

Uvujaji wenyewe ulikuwa kitu kidogo. Nyumba iliezekwa kwa mbao mbichi, zilipokauka zikasinyaa, misumari ikalegea, na bati linalotanuka mchana na kusinyaa usiku likaendelea kuivuta. Raba za chini ya kofia za misumari zimekuwa ngumu kama kokoto. Maji yaliingilia karibu na kofia ya paa, lile bati la kileleni, yakateremka juu ya mbao kama mita mbili, ndipo yakadondokea sebuleni. Kwa hiyo doa la silingi bodi halikuonyeshi tundu lilipo. Kaka alimwaga maji kwa mpira akianzia chini anapanda taratibu, mimi niko darini na tochi ya simu, mpaka tukalikamata.

Mbao alizipima kwa bisibisi. Nzima inagoma, iliyooza inaingia kama keki. Katika paa zima papi mbili tu ndizo zilikuwa zimeoza. Tuliezua mabati matatu, tukabadilisha papi, na misumari iliyolegea tukaing'oa tukaweka skrubu nene zaidi zenye raba. Kugongomelea msumari uleule kwenye tundu lilelile ni kazi ya fundi maiko, unalegea tena. Na mbao ikishapata unyevu isipakwe chochote kabla haijakauka. Ukiifunika mbichi unaifungia kuvu wake humo ndani.

Kwenye kununua hizo papi nusura nipigwe mara ya pili. Kuna wanaopaka mbao rangi ya kijani kwa brashi wanaiuza kuwa imetiwa dawa. Mwambie muuzaji aikate mbele yako, si ncha, katikati. Ukijani ukiwa juu tu kama ganda, umeuziwa rangi. Akikataa kukata, usibishane, ondoka.

Kwa atakayekuja kwako: usikubali kipande cha mbao kilicholetwa chini. Panda mwenyewe au mpandishe mtu wako, ukione kikiwa mahali pake, kipigwe picha kabla hakijaguswa. Vifaa nunua wewe dukani, uchukue risiti. Na mwenyekiti wa mtaa ajue nani yuko juu ya paa lako.

Mwenyekiti wangu ameniambia mimi ni wa tatu. RB ya polisi ninayo, na namba iliyopokea hela imesajiliwa kwa jina tofauti kabisa na alilonitajia. Kama alipita kwako ukampiga picha, hata ya hizo ndoo tu, naomba unitumie.