TAHADHARI: «GPS ya sentimita» ya kupimia miti inayouzwa Bukavu

Ndugu zetu agronoma, wakuu wa pepinyeri na ninyi nyote mnaopima miti ya miradi Kabare, Walungu na hapa mjini Bukavu: shikeni pesa zenu kwanza. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye ofisi za mashirika. Anauza paketi ya dola 850: GPS moja ya mkononi, flashi yenye programu za ramani, na ahadi kwamba kila mti utaandikwa mahali pake «kwa sentimita». Ahadi hiyo ni ya uongo, na jaribio analowafanyia wateja limepangwa ili wasiugundue.

Jaribio lenyewe ni hili. Anasimama kwenye mti, anabonyeza, anatembea mita tatu hadi mti wa pili, anabonyeza tena. Kwenye skrini nukta mbili zinaachana mita tatu barabara, na mteja anatoa pesa. Asichosema ni kwamba kosa la GPS hubadilika polepole. Ndani ya dakika chache linabaki karibu lile lile, kwa hiyo nukta zote mbili zimesukumwa pamoja upande mmoja. Rudi kwenye miti hiyo baada ya saa mbili, setelaiti zikiwa zimehama, utakuta nukta mpya zimeangukia kwingine. Garmin wenyewe, watengenezaji wa GPS, kwenye maelekezo ya kutafuta wastani wa nukta moja, wanashauri sampuli 4 hadi 8, na kungoja angalau dakika 90 kati ya moja na nyingine.

Mteja akisita, anaonyeshwa desimali saba za latitudo na longitudo. Ni kweli desimali ya saba ni kama sentimita moja ardhini. Lakini simu yoyote inaweza kuandika desimali saba huku imekosea mita kumi. Urefu wa namba hauna uhusiano na usahihi wake.

Halafu anataja WAAS, kwa kuwa neno hilo limeandikwa kwenye sanduku. WAAS ni masahihisho ya kosa la GPS yanayotumwa na setelaiti kwa ajili ya Amerika Kaskazini, EGNOS ni ya Ulaya. Kwetu Kivu hayafiki. Usahihi wa sentimita upo kweli, unaitwa RTK, ila unadai kipokezi cha pili kilichosimikwa kwenye nukta inayojulikana, tena si mbali, pamoja na redio au intaneti ya kupeleka masahihisho. Kwenye paketi ile hakuna kipokezi cha pili wala redio. Na hata mwenye RTK kamili huteseka chini ya majani mazito, maana mawimbi hukatika, mengine hugonga mashina yakafika yamechelewa.

Pimeni wenyewe uzito wa jambo hili. GPS nzuri ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi. Chini ya miti, kwenye mabonde yetu ambako mlima unaziba nusu ya anga, mita 10 au zaidi ni kawaida. Grevilea zilizopandwa mita 3 kwa 3 ni miti 1,111 kwa hekta. Duara la kosa la mita 5 linabeba miti kama tisa: kifaa kitajuaje upi ni mti wako?

Kazi hii inafanywa hivi: GPS ichukue kitovu cha kipande tu, yaani eneo dogo la kupimia, miti iliyomo ipimwe kwa utepe na dira, kila mmoja upigwe kibati chenye namba. Kipande cha duara chenye nusukipenyo cha mita 17.84 ni hekta 0.1. Lakini hiyo ni mita ya usawa. Kwenye mteremko wa digrii 30, utepe ukilazwa juu ya ardhi kufuata mteremko, kupanda au kushuka, lazima ufike mita 20.60, la sivyo kipande kinapungua na hesabu ya miti kwa hekta inaharibika.

Kagueni tarehe pia. Baadhi ya GPS za zamani zilipotea tarehe 6 Aprili 2019, hesabu ya wiki za GPS ilipoanza upya, zikarudi nyuma karibu miaka 20. Mahali zinaonyesha sawa, ila kila nukta inaandikwa mwaka usio wake, na mkaguzi wa mradi ataikataa faili nzima. Washa kifaa nje, kipe dakika 15, soma tarehe na saa kabla ya kutoa hata dola moja.

Kuhusu flashi: QGIS na QField, programu za ramani, ni za bure, pakueni wenyewe, hakuna «lisansi ya maisha» ya kununua. ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia, aliyoiweka humo imevunjwa kufuli, na anayekuambia uzime antivirusi kwanza anakufungulia mlango wa virusi kwenye kompyuta yenye data ya wakulima.

Mwenye kutaka kununua, kwa muuzaji yeyote, adai saa mbili za majaribio. Chagua kona ya saruji mahali pa wazi, weka kifaa kwenye UTM 35 Kusini, WGS84 (mfumo wa namba za ramani wa eneo letu), ili usome kwa mita. Andika namba, ondoka, rudi baada ya dakika 90, andika tena. Fanya vivyo hivyo chini ya miti. Tofauti unayoiona ndiyo usahihi wa kununua. Akikataa kungoja, ondoka.

Waliokwisha kulipa, msifute data. Ombeni fakitire yenye namba ya kifaa, pigeni picha ya skrini yenye tarehe, na hifadhini ujumbe wote wa WhatsApp alimoandika neno «sentimita». Nukta mlizochukua zinafaa kama vitovu vya vipande, mradi muandike pembeni kosa la mita 10. Kwa mti mmoja mmoja, rudini na utepe.