VR ya pale mall Kisumu: gemu ni moto lakini waulize umri wa mtoto bana

Kama uko Kisumu na watoto wamekumaliza na hii maneno ya VR, ile miwani mikubwa unavaa usoni unajiona uko ndani ya gemu, kuna mahali pa gemu ndani ya mall moja hapa tauni, jina nitaacha, na niseme ukweli gemu zenyewe ni safi sana. Binti yangu wa miaka kumi na mbili alicheza ile ya kukatakata maboksi akatoka jasho linamtiririka, anacheka, yuko sawa kabisa.

Shida ni venye walimshughulikia mdogo wake wa miaka sita. Jamaa wa kaunta hakuuliza umri hata kidogo. Alichukua Quest 2, hiyo miwani ya VR ya kampuni ya Meta, akapangusa lenzi na tisheti yake, akamvisha akakaza mkanda, na kijana akaanza kuinua kidevu akichungulia kwa chini pale kwa pua, mara "Mama, naona dinosa wawili wamebebana". Nikamwambia jamaa arekebishe lenzi, ananijibu "atazoea tu mathe". Azoee nini sasa? Hizo lenzi zina nafasi tatu pekee, 58, 63 na 68, hizo ni milimita kutoka mboni moja hadi nyingine, na mtoto wa miaka sita mara nyingi hata hiyo 58 hajafika, na hiyo yake ilikuwa imeachwa 68!

Wazazi wenzangu, sisemi VR inapofusha. American Academy of Ophthalmology, wale madaktari wa macho wa Marekani, wanasema hakuna ushahidi wa maana kwamba inaharibu macho ya watoto. Lakini inachosha, tena sana. Dinosa akikaribia, macho yanageukia ndani kumfuata, na bado yanatakiwa kufokasi umbali ule ule wa skrini ambao haubadiliki, so yanavutwa huku na huku. Alafu mtoto akinogewa hapepesi, macho yanakauka, kichwa kinaanza kuuma, mwingine anataka kutapika. Meta wenyewe wanasema miaka 10 kwenda juu, na wa 10 hadi 12 mzazi ndiye asimamie akaunti (kabla ya 2023 ilikuwa 13), PlayStation VR ya Sony ni 12. Wa miaka sita anavishwa na nani amesema?

Na kama mtoto wako kila akivaa anaona viwili viwili, ama hiyo 3D haioni kabisa hata lenzi zikiwa sawa, mpeleke apimwe macho, juu pengine jicho moja ni zembe, yaani halioni vizuri juu ubongo haulitumii sawasawa, na hiyo hutibika vizuri akiwa bado mdogo.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Wabandike umri pale mlangoni, wapange lenzi kwa kila mtoto, wanunue vitambaa vya kupangusia, na binti nitamrudisha. Huyu mdogo tulimtoa tukaenda naye Dunga akakimbie juani, na kucheza nje mchana kunasaidia macho yasikuje kushindwa kuona vitu vya mbali.