Star Analyser 100: nimeitumia miezi 8 huku Nakuru

Watu wamekuwa wakiniuliza ile kitu natumia kupiga picha za rangi za nyota ni nini na kama inafaa pesa, basi wacha niandike mara moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Bahati na nilichanga karibu mwaka mzima kuinunua, mpaka inafika mkononi na ushuru ilikuwa imepita elfu 25.

Ni gretingi, yaani kioo kidogo cha duara, saizi ya filta ya kawaida ya inchi 1.25, na kimechorwa mistari 100 kwa kila milimita. Unaifunga kwa pua ya kamera vile ungefunga filta ingine yoyote, ukielekeza darubini kwa nyota unaona nukta, na pembeni ya hiyo nukta mkanda mrefu wa rangi. Ile mistari inayokatiza mkanda ndiyo inakwambia nyota iko na nini ndani na ina joto kiasi gani. Imechongwa kwa namna ya kusukuma mwanga mwingi upande mmoja kwa hivyo haupotezi mwanga ovyo, na juu kuna kioo cha kukinga, unapangusa tu. Vumbi la Nakuru mnalijua.

Sasa mahali watu wengi wanakosea ni kamera. Nilianza na kamera ya picha za harusi, ya rangi, nikapiga nyota ya Sirius, nikaona mstari wa haidrojeni wa nanomita 486.1 (hizi namba ni urefu wa wimbi la mwanga, yaani mahali mstari uko kwa rangi) vizuri kabisa lakini ule wa 656.3 haukuonekana. Nilisumbuka wiki mbili nikidhani gretingi ina shida. Kumbe kamera za kawaida zina filta ndani inayokata wekundu wa mwisho, na huo mstari uko hapo hapo. Nikaazima kamera ndogo ya nyeusi na nyeupe, pikseli 1280 kwa 960, kila moja maikroni 3.75, na mstari ukatokea usiku wa kwanza. Ukiweka gretingi milimita 50 kutoka kwa kamera kama hiyo unapata nanomita 0.75 kwa kila pikseli, nukta na mkanda wote vinaingia kwa picha moja, na hiyo ndiyo unataka kwa sababu nukta yenyewe ndiyo sifuri yako ya kupimia. Chukua nukta kama sifuri, chukua 486.1 ya Sirius, vuta mstari kati yao, umemaliza kupima.

Kitu kingine, usifokasi kwa nyota. Fokasi kwa mkanda, hapo katikati, mpaka mistari ikaze. Nyota itatanuka kidogo, iache.

Na kama stendi yako haina mota ya kufuata nyota usikate tamaa, zungusha kamera mkanda ulale kaskazini-kusini halafu acha nyota itembee yenyewe kuelekea magharibi, itaupaka mkanda upana bila wewe kugusa kitu na mistari itaonekana vizuri zaidi kuliko ule uzi mwembamba. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, nyota nyingi zinapita juu kwa kasi, sekunde chache zinatosha kwa zile zinazong'aa.

Sasa kile kimenifanya niipende. Maelezo mengi unayopata yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, na wote wanakwambia anza na nyota ya Vega. Sawa, lakini hakuna aliyeniambia nitoke Februari saa nne usiku niangalie kusini, nyota ya Gamma Velorum. Nyota nyingi mistari yao ni myeusi. Hii mistari yake inang'aa, mipana, ya kaboni, mmoja karibu na 465 na mwingine karibu na 581, yaani inasimama juu ya mkanda kama milima. Ni nyota yenye joto kali inayojivua tabaka zake za nje, upepo wake unatoka kwa zaidi ya kilomita 1000 kwa sekunde na ndiyo maana mistari imepanuka hivyo. Mtu wa London haioni kabisa, haipandi kwao. Sisi tunaiona kutoka ukingo wa Menengai na koti na chai ya thamosi. Nilipoionyesha Kidato cha Tatu kwa laptopu walinyamaza wote, halafu mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hivyo hiyo kaboni ndiyo ile ya makaa?" Ndiyo hiyo hiyo.

Nyota ya Betelgeuse nayo, ndani ya mkanda wake wa rangi kuna mapande meusi minene ya oksidi ya taitaniamu, yanaonekana kama ngazi. Kilimia ukipiga kwa picha moja unapata mikanda kadhaa pamoja na inafanana sana, zote ni nyota changa za moto. Na karibu kila picha utaona mstari kwa 760, huo si wa nyota, ni oksijeni ya hewa hii hii tunayopumua.

Mapungufu yapo. Haina mwanya wa kuchuja mwanga, kwa hivyo nebula kubwa (mawingu ya gesi huko angani) na sayari zinazoonekana pana zinapakana rangi, kazi yake hasa ni nyota. Hewa ikitetemeka mistari inatetemeka nayo. Kupima nyota inakuja ama inaenda, sahau, mistari 100 ni michache sana kwa hiyo kazi, hapo unahitaji kifaa cha mwanya kinachotenganisha rangi kwa undani zaidi, na hicho ni ghali zaidi sana. Darubini kubwa ya SALT kule Sutherland Afrika Kusini ina kioo cha vipande 91 na spektrografu (kifaa cha kutawanya mwanga kuwa rangi) ya gretingi za kubadilisha, fizikia ni ile ile ya kioo changu, tofauti ni mwanga na ukali.

Naipa 4 kati ya 5. Kama uko Kisumu ujue mawingu ya ziwa jioni yatakusumbua, subiri usiku wa manane. Aprili na Mei yangu ilikaa kwa kabati. Juni nimeitoa tena, nyota ya Antares iko juu sana saa hizi na mapande yake meusi yanafanana na ya Betelgeuse, mwenye kamera ya nyeusi na nyeupe apande Menengai Ijumaa tupige pamoja.